Siyo kila msemo ni wa wahenga, mtuambie umetoka wapi

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalichukua kila asubuhi pale Magomeni Mapipa kabla sijapanda mwendokasi kwenda Kariakoo kwenye shughuli zangu, na leo naandika kwa sababu kuna jambo nimelivumilia muda mrefu naona sasa niseme tu. Ni hii tabia ya waandishi wenu, na siyo wenu peke yao, magazeti karibu yote na redio na huko mitandaoni ndo usiseme, kila msemo ukitajwa lazima utanguliziwe "wahenga walisema". Wahenga walisema hivi, wahenga walisema vile. Juzi kwenye makala yenu ya uongozi bora mwandishi kaandika "wahenga walisema cheo ni dhamana". Wahenga gani hao jamani? Ile ni ahadi ya mwanachama wa TANU, na watu walioitamka kwa midomo yao wenyewe bado wapo, wanakunywa kahawa hapa hapa Magomeni, ukitaka kuwauliza unavuka barabara tu.

Na ubaya wake siyo kukosea jina la msemaji tu, ni kwamba mkiikata mnaibadilisha. Ahadi yenyewe nzima inasema "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Baba yangu mdogo aliyepokea kadi miaka hiyo mpaka leo ukimwambia cheo ni dhamana anamalizia hapo hapo bila kuvuta pumzi, sitatumia cheo changu, maana kwake ni sentensi moja haikatiki. Sasa angalia, ile nusu ya kwanza haimgusi mtu, yeyote anaweza kuisema jukwaani huku anawatazama wengine, lakini ile nusu ya pili ina "changu" ndani, anayeisema anajifunga mwenyewe mbele za watu. Na ndiyo hiyo tumeitupa. Vivyo hivyo "Rushwa ni adui wa haki", iko kwenye kuta za maofisi mpaka imepauka, lakini iliyofuata ni "sitapokea wala kutoa rushwa", hii sijui kama nimewahi kuiona ukutani. Zilikuwa kumi hizi ahadi, CCM ilipozaliwa Februari 5, 1977 ikazirithi, "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko" nayo ni ya humo humo, leo mtu anaiweka stetasi ya WhatsApp akimsema jirani yake anadhani ni mafumbo ya khanga.

Kuna nyingine inayoniuma zaidi kwa sababu inatumika kuwaumiza vijana. "Asiyefanya kazi na asile." Hii wengi wanasema ni ya Mwalimu Nyerere, au ya wakati wa Ujamaa, na kweli ilisemwa sana enzi hizo, lakini asili yake ni Mtume Paulo kwenye barua ya pili kwa Wathesalonike, sura ya 3 mstari wa 10. Baadaye sana hata Wakomunisti wa Urusi wakaichukua wakaiweka kwenye katiba yao ya 1918, watu wasiotaka kusikia habari za kanisa kabisa, basi utaona jinsi maneno yanavyotembea. Ila nenda ukaisome kwenye Biblia ya Kiswahili. Paulo anasema ikiwa mtu hataki kufanya kazi. HATAKI. Hakusema asiyefanya. Kijana wa hapa Manzese ana cheti chake, kazunguka na bahasha ya khaki ofisi kwa ofisi mpaka soli imeisha, anarudi jioni anakuta mtu kamwekea "asiyefanya kazi asile", huyo hajakataa kazi, kazi ndiyo haipo. Neno moja tu limedondoka njiani na lawama yote ikahamia kwa mtu asiyehusika, na laiti aliyeisema angejua imetoka wapi angeenda kuisoma akaona.

Mfano mwingine ni ule wa mgeni. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Sikuhizi ni ya kumtishia ndugu aliyekuja kutoka mkoani akazidisha wiki. Mwalimu aliitumia mwaka 1962 kwenye andiko lake la Ujamaa, na akaongeza kwamba kwa kawaida mgeni mwenyewe ndiye angeliomba jembe hata kabla mwenyeji hajampa. Yaani picha yote inageuka, ni mgeni anayeona haya kula bila kushika kazi, na mwenyeji wala hahesabu siku.

Sasa njoo kwenye mpira. Kila wiki ya Simba na Yanga nasoma kwenye kurasa zenu za michezo "nia tunayo, sababu tunayo, uwezo tunao", mara kocha kasema, mara msemaji wa klabu kasema, hata kwenye vikao vya harusi mwenyekiti wa kamati anaisema akifungua michango. Sina tatizo na kutumia, maneno matamu ni ya wote. Lakini mtoto wa miaka ishirini anajua kwamba maneno haya yalisemwa Novemba 2, 1978 ukumbi wa Diamond Jubilee hapa hapa Upanga, mbele ya wazee wa Dar es Salaam, siku Mwalimu alipotangaza kwamba tunaingia vitani na Idi Amin aliyekuwa ameshavamia Kagera? Kwenye hotuba ile kila moja ilikuwa na neno "kumpiga" katikati. Uwezo wa kumpiga, sababu ya kumpiga, nia ya kumpiga. Tumelitoa lile neno na vita yote ikatoka nalo. Wapo watu mjini hapa walioagana na kaka zao baada ya hotuba ile na wengine hawakurudi, Kampala ikachukuliwa Aprili 1979, na nadhani ni haki yao siku moja moja gazeti likumbushe.

Na mkishafika hapo mfike na kwenye mkanda. Kila bajeti ikisomwa mnaandika "wananchi watakiwa kufunga mikanda" kama vile ni msemo tu wa hewani. Sisi tuliokuwa watoto kipindi kile tunaujua umeingiaje majumbani, baada ya vita Mwalimu alituambia taifa zima tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita na hali ikawa ndo kwanza inaanza, mi nakumbuka foleni ya duka la kaya tunapanga mawe badala ya watu, jiwe la mama yako unalijua kwa rangi, ukirudi umeahidiwa sukari unakuta kuna sabuni ya kipande, na ule unga wa mahindi ya njano tukiuita unga wa yanga, ugali wake unakuwa na harufu yake ambayo hata leo nikisikia neno mikanda naisikia puani. Huo msemo kwa watu wa umri wangu una tarehe, una foleni, una rangi. Kuuandika bila hayo ni sawa, ila mtoto anayesoma hapati kitu.

Halafu kuna methali ambazo kweli ni za wahenga, na hizo nazo tunazisema bila kujua tunashika nini mkononi. Chukua "haba na haba hujaza kibaba". Nimemuuliza kijana mmoja pale sokoni Kariakoo anayeuza mchele, kibaba ni nini, akaniambia si ni kibubu mzee, kile cha kuwekea hela. Nikamuelewa kabisa, maana ukiweka kibubu msemo bado unaleta akili, ndio maana hajawahi kushtuka. Lakini kibaba ni kipimo cha nafaka, kilikuwa kwenye kila duka la pwani hii, vibaba vinne ni pishi moja. Na kilikuwa na namna mbili za kupimia. Kuna kibaba cha mfuto, muuzaji anajaza halafu anapitisha kijiti juu kinakuwa sawa na ukingo, na kuna kibaba cha tele, kinaachwa na kilima chake juu. Ndiyo ugomvi ule ule wa kisado sokoni leo, mama anasema ongeza mpaka imwagike, muuzaji anafuta na kiganja, na ndiyo ule ule wa lumbesa kwa wakulima, gunia linaongezewa kichwa juu mkulima halipwi. Kwa hiyo aliyesema haba na haba alikuwa anaongelea punje, punje za mtama au mchele, unazidondosha moja moja kwenye kipimo ambacho mwenye duka anakiangalia kwa jicho kali. Nilipomuelezea yule kijana alichukua kisado chake akakiangalia akasema kumbe ni hichi hichi. Ilichukua dakika mbili tu, mteja wake mwenyewe alisubiri asikie.

Za baharini ndo kabisa. Mji wetu huu umekaa juu ya bahari na watoto wake hawajui "mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" inaongelea nini. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni kule chini tumboni maji yanakojikusanya na lazima mtu ashuke ayakumbe. Baharia anaweza kwenda nyuma akaenda mbele akajifaragua vyovyote, lakini mwisho kule chini atashuka. Ukitaka kuielewa "ukiona vyaelea vimeundwa" nenda tu ufukweni sehemu yoyote wanapotengeneza vyombo vya mbao ukae saa moja. Utamuona fundi amechuchumaa chini ya ubavu wa mashua anakalafati, ana pamba kaichovya mafuta, anaiingiza kati ya ubao na ubao kwa patasi na nyundo, mshono mmoja mrefu anaufuata polepole, akifika mwisho anarudi kukagua kwa kidole, na pakibaki upenyo wa kidole tu maji yataingia. Hilo ndilo linaloelea. Mwandishi wenu aliyeitumia kwenye habari ya jengo la ghorofa hakukosea, ila angempeleka msomaji ufukweni kwanza ingenoga mara kumi.

Na hizi za zamani siyo kwamba hazina pa kushika. Mwaka 1891 mmisionari Mwingereza W. E. Taylor alichapisha London kitabu kizima cha misemo na methali alizozikusanya Mombasa, mengi tunayosema leo yamo mle. Kwa hiyo mtu akisema methali fulani ni ya kale kuna mahali pa kuanzia kuangalia, siyo lazima tuishie kwenye "inasemekana".

Ila nina moja nataka niikalie kidogo maana ndiyo iliyonifanya nipende mambo haya. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mungu amrehemu, alipofariki Februari 29, 2024 nchi nzima iliandika maneno yake yale aliyoyapenda, kwamba maisha ya mwanadamu ni hadithi tu, basi kuwa hadithi nzuri kwa watakaosimuliwa. Magari yalibandikwa, bendera nusu mlingoti, kila simu unayofungua ni hayo maneno na picha yake anacheka. Ni maneno ya kutuliza kweli kweli. Basi kuna ustadhi mmoja mtaani kwetu akanionesha kitu. Kuna mshairi wa Kiarabu anaitwa Ibn Durayd, mtu wa Basra, alifariki mwaka 933, ana shairi lake refu maarufu sana na ndani yake kuna ubeti unaosema mtu si chochote ila ni hadithi itakayobaki baada yake, basi kuwa hadithi nzuri kwa mwenye kuihifadhi. Ni hayo hayo! Miaka zaidi ya elfu moja. Na Mzee Mwinyi alikuwa mtu wa kujua Kiarabu, aliwahi kuwa balozi wetu Misri, maneno yale yalipita mkononi kwa mtu aliyejua thamani yake akatuletea kwa Kiswahili chepesi ambacho hata mpiga debe anakielewa. Na siyo hilo tu, huyu Ibn Durayd aliondoka Basra kijana kukimbilia Omani mwaka 871 wakati mji ule ulipochukuliwa kwenye uasi wa Wazanji, watumwa weusi waliokuwa wanaondoa chumvi kwenye mashamba kule kusini mwa Iraki, na hilo jina Zanji ndilo hilo hilo wageni walilowaitia watu wa pwani yetu hii. Mi nilikaa na hiyo habari siku nzima. Maneno tuliyoyabandika kwenye daladala kumuaga rais wetu yametoka kwa mtu aliyekimbia uasi wa watu wenye jina letu, yakapita Uarabuni karne kumi, yakaja kutulia Zanzibar na Dar es Salaam. Mkiandika tu "alisema Mzee Mwinyi" mmesema kweli, ila mmeacha utajiri wote huo nje. Na wala haimpunguzii mzee chochote, mimi inamuongezea.

Kinyume chake ni vile vinavyopewa vitabu vitakatifu wakati havimo. "Mungu humsaidia anayejisaidia", mara ngapi mmeandika "Biblia inasema"? Haimo. Ni fundisho la hadithi ya kale ya Wagiriki, zile za Aesop, mwenye gari lililonasa kwenye tope anamwita mungu wake anaambiwa weka bega kwanza kwenye gurudumu, halafu kwa maneno yale yenyewe Mwingereza Algernon Sidney yuko nayo kwenye kitabu kilichochapwa 1698, na Mmarekani Benjamin Franklin akaieneza kwenye kalenda yake ya 1736. Hata "sizitaki mbichi hizi" ni ya Aesop, kwao alikuwa mbweha na zabibu, huku kwetu akageuka sungura, na nafikiri sungura anaifaa zaidi.

Na za juzi juzi nazo ziandikwe kabla hatujasahau. Kuchakachua kura, kuchakachua matokeo, kuchakachua mapenzi, wote tunasema, lakini ilivuma kwenye mafuta, vituo vilikuwa vinachanganya dizeli na mafuta ya taa kwa sababu ya taa yalikuwa na kodi ndogo, injini za watu zikafa, mpaka serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa kwenye bajeti ya 2011. Hata kijana aliyezaliwa mwaka huo neno analitumia kila siku.

Sasa ombi langu Mhariri. La kwanza, mwandishi akiandika "Mwalimu alisema" aseme alisema wapi na mwaka gani, kama hajui asiandike. Huko mitandaoni kuna picha za Mwalimu zimebandikwa maneno ambayo ukiyasoma unajua kabisa siyo Kiswahili chake, yule mtu alikuwa na sentensi fupi na anazipanga mbili tatu zifanane, haya ya kwenye picha yanaongea kama tangazo la mkopo. Mtu anakopi anapesti, kesho nayaona gazetini, na yakishaingia gazetini basi yameshakuwa kweli maana tunakatia na kuhifadhi. Hotuba zake zimerekodiwa, kanda za enzi za Radio Tanzania zipo TBC, zimechapwa nyingi tu vitabuni, kuhakikisha siyo kazi ya ajabu.

La pili, tuanzishieni safu. Robo ukurasa inatosha. Kila wiki msemo mmoja, umetoka wapi, alisema nani, siku hiyo kulikuwa na nini, na kama umekatwa muuweke mzima. Msiwaachie maprofesa peke yao japo na wao waje, pigeni hodi kwa manahodha wastaafu, mafundi wa vyombo, akina mama waliosimamia vikundi vya kampeni ya afya ya "Mtu ni Afya" mwaka 1973, makondakta wa daladala za mwanzo, wazee wa baraza waliokuwa Diamond Jubilee siku ile. Hawa wanaondoka, kila mwezi tunazika, na wakiondoka ndo hapo kila kitu kinabaki "wahenga walisema" kwa sababu hakuna wa kumuuliza tena.

Iwekeni Jumamosi maana ndiyo siku watu wanasoma gazeti wametulia, na mtoe namba ya kupokea ujumbe wa sauti, wazee wengi kuandika kwenye simu inawashinda lakini kuongea hamtawaweza. Wa kwanza naanza na baba yangu mdogo, yuko tayari na ahadi zake zote kumi anazo kichwani, mkisema siku yoyote baada ya sala ya alasiri nitamleta hapo ofisini mwenyewe.

Wasalaam,
Msomaji wenu,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam.